Njia ya Bububu

Kila baada ya sala ya alfajiri, mwalimu mmoja mstaafu wa Malindi huitoa baiskeli yake ukumbini, akayabonyeza matairi kwa kidole, akashika njia ya Bububu. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 20. Hakuanza kwa mapenzi. Kisukari kilikwisha kumkosesha kaka yake mguu, na daktari alimweleza kwamba misuli ifanyapo kazi huinywa sukari iliyomo damuni. Hofu ilimtoa kitandani mwezi mzima. Mwezi wa pili hofu yenyewe ikachoka.

Hapo ndipo alipokinai. Minazi ile ile, vituo vya daladala vile vile. Akashauriwa abadilishe njia. Akaenda Chukwani, akaenda Fumba. Ushauri huo husifiwa kupita kiasi. Njia mpya huzeeka upesi, na kila alfajiri humtaka mtu aamue upya aelekee wapi. Naye aamuaye gizani aghalabu huamua kulala. Zikapita wiki tatu baiskeli imeegemea ukuta, na vidole vya mguu vikaanza kufa ganzi.

Aliporejea njia ya Bububu, alianza kuitazama bahari. Husimama Mtoni, karibu na magofu ya kasri alimozaliwa Bibi Salme mwaka 1844. Maji kujaa huchelewa takriban dakika 50 kila siku, hivyo apitaye saa ile ile haikuti bahari ile ile: leo imejaa, baada ya wiki imetoka, imeziacha ngalawa juu ya mchanga. Upepo nao una zamu zake. Wakati wa kaskazi humpinga akienda na kumsukuma akirudi. Likishika kusi, mambo hugeuka, na kurejea nyumbani ndiko kugumu.

Kisha upo ubeti. Mizani nane kwa mizunguko minane ya pedeli, pumzi, kisha nane nyingine: mshororo mmoja wa shairi. (Njia hiyo haina milima, bahati njema ya vina.) Mishororo minne angeweza kuimaliza kabla ya Kibweni. Haimalizi. Hufika nyumbani mshororo wa nne ukiwa na kipande kimoja tu, na mkewe, aliyekwisha kuizoea tabia hiyo, humuuliza kutoka jikoni:

“Mwalimu, kina kimepatikana?”

“Bado, mwenzangu. Mpaka kesho.”

Naye huiegemeza baiskeli pale pale ukumbini, usukani ukielekea mlangoni.