Umbali wa Mlima Ni Kazi ya Hewa

Moshi,
Januari

Mwanangu mpendwa,

  Kahawa imeshavunwa, na asubuhi kabla mawingu hayajapanda, kilele kinaonekana chote.

Nimeitazama kwa makini picha uliyoichora kwa kompyuta, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ikionekana kutoka kihambani kwa babu yako huko Kibosho. Unauliza kwa nini mlima unaonekana kama wa kuchezea watoto, ilhali miinuko umeichukua kwenye vipimo vya kweli vilivyopigwa na chombo cha anga cha Endeavour Februari 2000. Miinuko yako ni sahihi. Kinachoupunguza mlima ni ukungu wa lenzi: kijiji kilicho kilometa moja mbele kiko wazi, kilele kimefifia.

Lenzi ina hesabu yake. Chukua ya milimita 50, ifungue hadi f/2. Tundu lake linakuwa na upana wa milimita 25. Weka fokasi kwenye jani la mgomba lililo mita 2 mbele yako. Kilele kiko yapata kilometa 20, na kila nukta yake itatawanyika kuwa duara la kama mita 250 huko mlimani. Barafu itapotea, lakini umbo la Kibo litabaki likitambulika. Ukifunga tundu hadi f/16, duara litashuka hadi kama mita 30, ambazo ndizo nafasi kati ya vipimo vya miinuko yako. Sasa rudi f/2, usogeze fokasi hadi kijijini. Nukta ya kilele haitatawanyika hata nusu mita! Kamera ya kawaida haiwezi kukiona kijiji hicho vizuri ikaufifisha mlima. Jicho la mtazamaji linalijua jambo hilo hata kama hajawahi kushika kamera, ndiyo maana likiona ukungu wa namna hiyo linaamini limeletewa kitu kidogo kilichopigwa picha kwa karibu.

Kwa hiyo nadhani uliiingiza ardhi kwa kipimo cha kilometa moja kuwa mita moja, lenzi ukaiacha ilivyo. Kwa ardhi iliyopunguzwa hivyo, tundu la milimita 25 ni sawa na jicho la jitu lenye upana wa mita 25. Katika Blender, rudisha ardhi kwenye mita zake halisi. Kumbuka pia kusogeza mbali mpaka wa mwisho wa kamera, la sivyo mlima utakatwa usionekane kabisa.

Ukungu uuweke kwenye vitu vya karibu tu: jani la mgomba, tawi la mbuni, ukingo wa mfongo, ule mfereji wa maji. Hapo zipo njia mbili. Ya kwanza ni kuiga lenzi yenyewe, kompyuta ikirusha miale mingi kupitia sehemu mbalimbali za tundu. Njia hii ilielezwa mwaka 1984 na Robert Cook, Thomas Porter na Loren Carpenter wa kampuni ya Lucasfilm. Carpenter ndiye aliyekuwa ametengeneza Vol Libre mwaka 1980, filamu fupi inayoruka juu ya milima iliyochorwa kwa kompyuta, kwa hiyo fani yako na milima ni ndugu wa zamani. Njia ya pili ni kuchora kila kitu kikiwa wazi, kisha kufifisha baadaye kwa kufuata ramani ya umbali. Hii ni ya haraka, lakini migomba inaishinda. Jani la mgomba limechanwachanwa na upepo, na picha iliyokwisha kuchorwa haijui kilichoko nyuma ya jani, kwa hiyo ukilififisha linazungukwa na utando wa rangi. Tena ukizilainisha kingo za ramani, pikseli iliyo nusu jani la mita 2 na nusu mlima wa kilometa 20 itasoma kilometa 10, mahali ambapo hapana jani wala kilele. Kwa jani la mbele tumia lenzi ya kweli, uvumilie kompyuta ichukue muda. Ukiona chengachenga kwenye ukungu, ongeza miale.

Umbali wenyewe utautengeneza kwa hewa. Hewa iliyo kati yako na mlima inatawanya mwanga wa buluu, inapunguza tofauti ya giza na mwanga, lakini kingo haizigusi. Ni nzito chini na nyepesi juu. Ndiyo maana siku za vumbi miteremko ya chini inazama kwenye weupe, na kilele chenye mita 5,895 kinabaki kikali juu yake. Ukiliweka hilo sawasawa, hutahitaji kukififisha.

Nakusisitizia hivi kwa sababu mlima huu umeshachorwa na wengi wasioishi karibu nao. Wewe umekua chini yake, unajua ukubwa wake, na nataka anayetazama kazi yako auone ukubwa huohuo. Kwa hiyo kabla hujachagua rangi wala mawingu, hakikisha vipimo.

Nitumie faili lenyewe la mradi ukishairekebisha picha, si picha peke yake, tuangalie pamoja tundu na fokasi. Wasalimie wenzako wote.

Akupendaye,
Shangazi yako