Nta Nyeusi ya Tabora

Kibao kimepauka, lakini bado kinasomeka: VIBAO, PICHA, NAMBA ZA GARI. Chini kabisa, kwa brashi nyembamba kuliko ile ya juu, limeongezwa neno moja: MARASHI.

Ilikuwa Oktoba, joto la kungojea mvua. Miembe ya Tabora ilikuwa imesheheni matunda mabichi, na nje ya mji miti ya miombo ilikuwa imechipua majani mekundu kama shaba. Nilipiga hodi. Tapentaini ndiyo iliyonipokea kwanza, ikafuata karafuu, kisha harufu ya tatu nisiyoijua jina.

"Mwangaluka, mwanangu. Pita, ila usinipigie teke sufuria."

Mzee hakufundishwa kuchora na mtu. Alianza utotoni kwa kuiga kwa mkaa herufi za mabehewa stesheni, kwenye reli iliyofika hapa mwaka 1912. Reli hiyo ndiyo iliyoipokonya kazi njia ya miguu, na njia ya miguu ndiyo aliyoichora maisha yake yote. Ukuta mzima wa sebule ni msafara wa njia ya Bagamoyo: wapagazi mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja si mkubwa kuliko kidole gumba. Pembe za ndovu mabegani. Majora ya merikani. Kwenye kona, karibu na swichi ya taa, watu waliofungwa shingo kwa mnyororo. Nilihesabu hadi sitini, nikapotea. Mpagazi mmoja alibeba frasila mbili, kama kilo 32, na safari kutoka pwani mpaka hapa ilikula karibu miezi mitatu.

Wageni waendao Kwihara, kuliona tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872, walikuwa wakinunua kwake picha ndogo za msafara huo. "Kila mmoja ananiuliza, Livingstone yuko wapi hapa? Simchori. Alikuwa na wachoraji wake."

Akaugeukia ukuta, akautazama kama mtu anayemtazama mdeni wake. "Watu wote hawa, miezi mitatu juani. Sogea unuse. Hainuki, hainukii. Rangi tu."

Ndipo alipoanza kuchemsha nta.

Tabora ni nchi ya asali, na nta si kitu cha kutafuta. Lakini wanunuzi hutaka nta safi ya manjano, iliyochujwa ikachujika. Yeye huichukua ile wanayoikataa: nyeusi, ya mizinga ya magome, yenye vipande vya gamba na moshi wa mwenge uliotumika kuwafukuza nyuki. Huichuja mara moja tu, kwa kanga kuukuu. Sufuria ndogo huelea ndani ya kubwa yenye maji ya moto, kwa sababu nta ikikutana na moto wenyewe huungua. Kikombe kimoja cha nta, vitatu vya mafuta ya ufuta. Kisha karafuu zilizolowekwa, ubani uliosagwa, mchaichai wa uani. Hakuna spiriti, wateja wake wengi ni akina mama wanaojipaka kabla ya swala. Hukoroga kwa mpini wa brashi. Namwamini zaidi kwa hilo kuliko kwa vipimo vyake.

Mchanganyiko ulimiminwa katika vikopo vya bati visivyozidi kifuniko cha soda. Ulikuwa mweusi unaong'aa, ukapoa polepole ukawa kahawia kama mgongo wa mende. Si rangi ya kuvutia, na mzee hajali. Alinipaka kidogo kifundoni mwa mkono. Karafuu ikaja, ikapita. Baadaye sana, nilipokwisha kuaga, ikabaki ile harufu ya tatu.

Asubuhi nilikuwa kwenye foleni ya tiketi stesheni. Bibi mmoja mwenye kapu la maembe mabichi aligeuka, akanikagua viatu, shati, mpaka mikono.

"Mjukuu wangu," akasema, "umetoka kurina? Mbona huna hata alama moja ya nyuki?"