Ukisafiri, Mbwa Wako Anakula kwa Nani?

Ndugu msomaji, wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huu twaukumbuka vizuri tunapopokea mshahara, lakini tunapofunga safari twaukumbuka nusu tu. Baba na mama huketi usiku wakahesabu nauli ya watu wazima, nauli ya watoto, sukari na sabuni za kumpelekea bibi, na akiba ya kurudia. Hesabu hufungwa, taa ikazimwa. Huko nje mbwa analinda na kuku wamelala bandani, na katika karatasi ile hakuna hata shilingi moja iliyoandikwa kwa ajili yao.

Mkoa wetu wa Mara ni nchi ya mifugo, na sisi tuliohamia mjini kufuata kazi hatukuiacha yote kijijini. Pita Nyasho au Makoko hapa Musoma, au pita mitaa ya Bunda kandokando ya barabara kuu iendayo Mwanza. Utamkuta mbwa wa kulinda uani, paka wa kufukuza panya ghalani, na kuku wachache ambao mayai yao huwapa watoto kitoweo. Na safari nazo haziishi. Kuna likizo ya Desemba, kuna harusi, kuna ugonjwa wa mzazi. Kutoka Musoma hadi Butiama si mbali. Mtu aweza kwenda asubuhi akarudi jioni. Lakini msiba haumaliziki jioni moja, na mtoto wa nyumba hawezi kuondoka kabla ya matanga kuanuliwa eti kwa sababu ameacha kuku.

Ndipo tunapomwita jirani: "Jirani, niangalizie mbwa wangu siku mbili tatu." Neno hilo ni jepesi mdomoni, na ujirani mwema ni jambo tunalojivunia. Hata hivyo, ndani ya neno hilo mna unga, mna maji, mna kitoweo, mna saa za mtu na miguu ya mtu. Vitu hivyo vina bei. Asipolipa mwenye mbwa, atalipa mwingine.

Miezi michache iliyopita ilinibidi niende Butiama pamoja na familia yangu kwa siku tisa, kumzika mzee wetu mmoja na kukaa na wafiwa. Kabla ya kuondoka nilikwenda kwa mama mmoja, jirani yetu, mjane ambaye huuza dagaa sokoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Poleni na msiba."

"Tumekwisha poa, mama. Nimekuja tupatane. Nataka kujua utanitoza kiasi gani kwa kumlisha mbwa na kuku siku tisa."

Mama akacheka. "Tangu lini watu wakalipana kwa ajili ya mbwa? Wewe nenda ukamzike mzee."

"Mbwa ni wangu, mama, lakini miguu itakayochoka ni yako."

Alinyamaza kidogo, kisha akanieleza jambo ambalo sijapata kulisahau. Zamani kidogo aliwahi kumlishia mbwa jirani mwingine kwa wiki mbili. Wajua, msomaji, kuwa wavuvi wa dagaa huvua usiku kwa taa, na alfajiri mitumbwi yao huingia mwaloni. Wanunuzi wanaowahi huchagua dagaa walio safi. Wanaochelewa hupata masalio. Kila alfajiri mama huyu alianza kwanza kwa mbwa wa watu, akafika Mwigobero jua limekwisha chomoza. Mwenye mbwa aliporudi alimshukuru sana, akampa mkungu mdogo wa ndizi.

"Ndizi tulikula, mwanangu," alisema, "lakini mtaji ulipungua."

Tulipatana shilingi 2,000 kwa siku, nusu nikampa mkononi kabla ya safari na nusu niliporudi. Tulikubaliana pia kuwa chakula cha asubuhi kimwekwe mbwa jioni ya kuamkia, ili mama asichelewe mwaloni. Kwa namna hiyo hakuna aliyepoteza, na ujirani wetu haukupata doa.

Pengine yuko msomaji atakayesema kuwa kulipana kwa jambo kama hili ni tabia ya kigeni. Ni kweli kwamba katika miji ya Ulaya na Marekani iko kazi kamili ya kukaa na mbwa au paka wa watu, na mwangalizi hulipwa kwa kila usiku au kwa kila mara aingiapo nyumbani. Lakini hatuhitaji kuvuka bahari ili kujifunza. Katika jamii za wafugaji za kanda hii ya ziwa, tangu zama za wazee, mtu mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote katika zizi moja. Aliwagawa kwa ndugu na marafiki wa mbali ili ukame, maradhi au wezi wasimmalize kwa siku moja. Na aliyewekeshwa ng'ombe hakuwatunza bure. Maziwa alikunywa yeye na watoto wake, samadi ilikwenda shambani kwake, na kwa kadiri walivyopatana, ng'ombe wakishazaa huenda naye akapewa ndama. Hapakuwa na karatasi wala mhuri, lakini makubaliano yalikuwapo, na kila mmoja aliyajua. Wazee walitambua kuwa ulezi wa mnyama ni kazi, na kazi hula jasho.

Mbwa hakamuliwi. Mwangalizi wa mbwa hana maziwa ya kunywa wala ndama wa kutumainia, na hapo ndipo fedha inaposhika nafasi ya maziwa.

Yuko mlipaji mwingine ambaye hatumsikii akilalamika, naye ni mtoto. Katika nyumba moja ya Bunda niliyopata kuitembelea nilimkuta binti mdogo wa shule ya msingi, amebaki peke yake na mbwa, mbuzi wawili na kuku. Wakubwa walikuwa wamesafiri. Ilikuwa Jumatano saa nne asubuhi, naye alikuwa nyumbani. Nilipomuuliza kuhusu shule alijibu kwa adabu, "Nimeambiwa nisiondoke mpaka mama arudi." Siku alizozikosa hazikuandikwa popote katika hesabu ya safari ile, ingawa yeye ndiye aliyezigharimia.

Mkoa huu unayo historia ya kutufundisha katika jambo hili. Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, alichunga mifugo utotoni kama watoto wengine wa rika lake. Mwaka 1934 akapelekwa kusoma Mwisenge, hapa Musoma. Mbuzi wa nyumbani hawakuacha kutaka malisho kwa sababu kijana amekwenda shule. Ilibidi mtu mwingine aishike fimbo. Nchi yetu ilipoanzisha elimu ya msingi kwa wote mwaka 1977, ilimtaka kila mzazi afanye vivyo hivyo: amtafute mtu mwingine wa kushika fimbo, na mtoto aende darasani. Kumwachisha mtoto masomo ili aokoe ujira wa mwangalizi ni kukopa kwake deni ambalo hatuwezi kumrudishia.

Mlipaji wa mwisho ni mnyama mwenyewe, na hapa gharama yaweza kuwa kubwa kuliko zote. Mbwa asiyelishwa hukata kamba akaenda kutafuta riziki majalalani, akachanganyika na mbwa wasiojulikana. Huko ndiko kichaa cha mbwa kinakoambukizwa. Ugonjwa huo, dalili zake zikishaonekana kwa binadamu, karibu kila mara humwua. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa katika kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, 4 ni watoto walio chini ya miaka 15. Aliyeumwa aoshwe jeraha mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha akimbizwe hospitali akachanjwe bila kungoja.

Wenzetu wa Bunda wanaopakana na Hifadhi ya Serengeti wana sababu nyingine ya kuwa waangalifu. Mwaka 1994 ugonjwa wa homa ya mbwa ulizuka hifadhini, na takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti walikufa. Wataalamu waliuhusisha ugonjwa huo na mbwa wa vijiji vilivyo kandokando ya hifadhi, na kampeni za kuchanja mbwa zikafuata katika vijiji hivyo. Ikiwa mbwa wasiotunzwa waweza kuwa chanzo cha kifo cha simba, ni dhahiri kuwa waweza pia kumdhuru mtoto wa jirani. Tena, tangu mwaka 2008 tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama, hivyo kumtelekeza mnyama si suala la huruma pekee.

Basi tufanye hesabu. Kwanza pima, ndipo ukadirie. Kwa siku saba kabla ya safari chukua daftari na uandike mbwa anakula unga kiasi gani, kuku wanamaliza pumba kopo ngapi, na ndoo ngapi za maji zinatumika. Wengi wetu hatujui, kwa kuwa wanyama hula pamoja nasi masalio ya chungu. Mkisafiri, chungu hakipikwi, na masalio hayapo. Kila kitu kitanunuliwa.

Tuchukue mfano wa familia ya Musoma inayosafiri siku 14, ikiacha mbwa mmoja na kuku 10. Bei nilizotumia ni za mfano. Wewe weka zile za soko lako. Unga wa mbwa, nusu kilo kwa siku, tuseme shilingi 750. Mapanki ya sangara au dagaa wa kuchanganyia, shilingi 500. Hiyo ni 1,250 kwa siku, yaani 17,500 kwa siku 14. Kuku 10 wa kienyeji hula yapata kilo moja ya pumba na nafaka kwa siku. Kwa shilingi 800 jumla ni 11,200. Ndoo moja ya maji kila siku kwa shilingi 100 ni 1,400. Ujira wa mwangalizi afikaye asubuhi na jioni, shilingi 2,000 kwa siku, ni 28,000. Vocha ya simu ili aweze kutoa habari, 2,000. Jumla ni shilingi 60,100.

Ongeza shilingi 20,000 za dharura, kwa ajili ya mtaalamu wa mifugo mnyama akiugua. Fedha hizo mkabidhi mtu mnayemwamini au ziwe tayari kutumwa kwa simu. Zisipotumika zitarudi mfukoni. Sasa tuna shilingi 80,100. Ukizitazama kwa mkupuo usiku wa kuamkia safari, zitakutisha. Lakini anayejua kuwa kila Desemba huenda kijijini aweza kuweka kando shilingi 7,000 kila mwezi, na mwaka ukiisha atakuwa na 84,000. Akiba haiozi.

Usisahau gharama zinazotangulia safari. Mbwa achanjwe dhidi ya kichaa kila mwaka, na cheti kitunzwe. Kuku wapewe chanjo ya kideri, ile ya tone la jicho, yapata wiki mbili kabla hujaondoka, nayo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kideri kikiingia bandani wakati haupo chaweza kulifagia banda zima, na mwangalizi akabaki na aibu isiyo yake.

Chagua pia mahali pa kuwaacha. Paka hushikamana na nyumba kuliko na watu. Umhamishapo mara nyingi hutoroka kurudi kwake, hivyo ni nafuu alishwe palepale. Kuku ukiwapeleka kwenye banda la mwingine waweza kupeleka au kuleta maradhi. Mbwa aweza kukaa kwa rafiki aliyemzoea, lakini mpeleke siku chache kabla, mkae naye mchana mmoja, aione sura ya mwenyeji ukiwapo. Akipigana na mbwa wa pale au akimuuma mtoto wa mwenyeji, gharama itapita mara nyingi ule ujira uliotaka kuukwepa.

Mkishapatana, semeni wazi mambo yote: siku ya kuanza, saa za kulisha, malipo ya kila siku iwapo safari itarefuka, nani wa kupigiwa simu, na nini kifanyike mnyama akifa. Jambo hili la mwisho watu huliogopa. Semeni mapema kuwa kuku akifa kwa maradhi, mwangalizi hatadaiwa. Aonyeshe mzoga kwa jirani wa pili, yaishe. Wengi wamekosana kwa jogoo mmoja kwa sababu jambo hilo halikusemwa.

Mwangalizi akikataa fedha kwa sababu ya undugu, usimlazimishe, lakini usimwache mikono mitupu. Mnunulie unga, mlipie mtoto wake madaftari, au mshike zamu shambani kwake. Thamani yake iwe sawa na kazi aliyoifanya, na wewe uijue kwa hesabu, wala usiikisie.

Ndugu msomaji, pengine nyumbani kwenu mnapanga safari. Kabla ya kuifunga karatasi ya bajeti, ongezeni mstari mmoja chini ya nauli. Uandikeni jina la mnyama, idadi ya siku, na jina la mtu atakayeamka alfajiri kwa ajili yake. Kisha mbele ya jina hilo andikeni kiasi.