Kwa nini ninakopa feza za masomo ya kuangalia mbu



Juma lililopita, katika mkutano wetu wa muso, mama mmoja aliniuliza mbele ya wote: "Mama, unakopa feza nyingi hivi kwa masomo ya binti, na masomo yenyewe ni ya kuangalia mbu?" Watu walicheka, na mimi nilicheka pamoja nao. Lakini nilirudi Kadutu na uzito moyoni kwa sababu sikumjibu. Leo ninajibu.

Mwaka 2000 tuliishi Luvungi, katika bonde la Ruzizi. Wale wanaotoka kule wanajua joto lake, mashamba ya mpunga na mbu wake. Mtoto wangu wa kwanza alikuwa na miaka mitatu. Alishikwa na homa siku ya Jumatatu jioni. Kwenye kituo cha afya walinipa klorokini, kama walivyompa kila mtoto mwenye homa. Hakuna aliyempima damu, maana vita ilikuwa imepita na mikroskopu haikuwepo tena. Nilimpa dawa vile walivyonionyesha, sikuruka hata mara moja. Siku ya tatu homa ilipanda. Usiku wa siku ya nne degedege lilianza, na usiku ule hakuna aliyethubutu kutoka barabarani. Hakuona asubuhi.

Mama mkwe alisema nilichelewa. Jirani mmoja alitaja uchawi. Mimi mwenyewe niliamini nimekosea kijiko. Mzigo huo niliubeba miaka mingi bila kumwambia mtu.

Aliyenitua mzigo ni binti yangu, aliyezaliwa nyuma ya yule, alipoanza kusoma mambo ya labo. Jioni moja tukichambua sombe, aliniambia kwamba mwaka 2001 inchi yetu iliacha klorokini, kwa sababu vijidudu vya malaria vilikuwa vimeizoea. Mwaka 2005 ndipo artesunate pamoja na amodiakini vikawa dawa ya kwanza. "Mama," akasema, "haukukosea. Dawa ndiyo ilikuwa imechoka." Niliacha sombe pale pale, nikaingia chumbani kulia.

Sasa, wamama, ninyi mnadhani nani anayejua kwamba dawa imechoka? Mimi mama siwezi kujua, na muuza dawa pale Nyawera hawezi kujua. Anayejua ni mtu anayempa mgonjwa dawa, akamfuata nyumbani kwake, akampima damu siku ya kwanza, siku ya tatu, mpaka siku ya 28, na kuandika kila kitu. Mtu huyo akikosekana, tutaendelea kumeza dawa iliyokufa na kulaumiana.

Na hatari hiyo haijapita. Mwaka 2020 wachunguzi wa Rwanda pamoja na wenzao wa Ufaransa walionyesha kwamba kule Rwanda kuna vijidudu vilivyoanza kubadilika na kuizoea artemisinini, ile ambayo dawa zetu za leo zinatoka ndani yake. Rwanda ni ng'ambo ya Ruzizi tu, na mbu haombi ruhusa kwenye mpaka. Ni nani atakayechunguza upande wetu?

Wengine husema uchunguzi ni kazi ya wazungu. Si kweli. Kuna jaribio kubwa lililofanyika katika inchi tisa za Afrika, kati ya mwaka 2005 na 2010, na Kinshasa ilikuwamo. Watoto 5,425 waliolazwa na malaria kali walitibiwa, wengine kwa kinini, wengine kwa sindano ya artesunate. Kati ya waliopewa kinini, karibu 11 kwa kila 100 walifariki. Kati ya waliopewa artesunate, walikuwa 8 au 9. Mtasema tofauti ni ndogo. Aliyezika hawezi kusema hivyo. Leo mtoto wako akilazwa na kupewa artesunate pahali pa serumu ya kinini, ujue kuna waganga, wauguzi na wamama wa Afrika waliofanya kazi hiyo.

Pale Burkina Faso kuna mji mdogo unaoitwa Nanoro. Profesa Halidou Tinto, mwana wa inchi ile, alijenga huko kituo cha uchunguzi, mbali na mji mkuu. Ni huko watoto 450 walijaribiwa chanjo ya R21. Mwishoni mwa mwaka 2024 chanjo hiyo ilianza kutolewa kwetu Congo, kule Kongo Central. Kama Nanoro wameweza, Kivu inakosa nini? Lwiro tunayo, si mbali sana na hapa Bukavu, yenye labo zilizojengwa tangu wakati wa Wabelgiji. Nyumba si shida. Wanaohitajika ni vijana waliosoma, umeme, vifaa na mshahara wa kuwafanya wabaki.

Mnakumbuka mwisho wa 2024 tuliposikia kwenye redio kuhusu ugonjwa usiojulikana wa Panzi? Hapa wengi walishituka wakidhani ni Panzi yetu ya Bukavu, lakini ilikuwa Panzi ya Kwango. Dunia nzima iliogopa. Damu ya wagonjwa ilibidi isafiri mbali, kwa barabara mbovu za wakati wa mvua, ili ipate labo. Vipimo 12 vya kwanza vilipotoka, 10 vilikuwa na malaria. Watoto wenye utapiamlo walikuwa wanakufa na malaria pamoja na magonjwa ya kifua. Ugonjwa tunaoujua tangu kwa bibi zetu ulikaa majuma bila jina, kwa kukosa labo karibu.

Sasa ninaungama jambo moja. Miaka michache iliyopita kikundi cha wachunguzi kilipita katika avenue yetu, kikiomba tone la damu kwenye kidole cha kila mtoto. Nilifunga mlango. Nilisikia kwamba damu inauzwa, nikaamini. Mimi, niliyempoteza mtoto kwa kukosa mtu wa kumpima! Binti yangu aliona haya, lakini hakunitukana. Aliniambia: "Mama, ungewauliza watafanya nini na damu, na jibu litarudi lini. Hiyo ni haki yako. Lakini usifunge mlango kabla ya kuuliza."

Kwa kweli, jirani waliotoa damu hawakuletewa jibu lolote mpaka leo. Hilo ni kosa, na wachunguzi walisikie. Lakini ninaona kosa hilo litapungua siku anayepima atakuwa mtoto wa avenue, anayekutana nasi kwenye bomba la maji na kanisani. Huyo hawezi kuchukua damu yetu na kupotea.

Ndiyo maana ninakopa. Binti yangu amepewa nafasi ya kuendelea iniversite katika mambo ya vijidudu. Shirika moja lilitaka kumpa kazi ya kuandika makaratasi, kwa mshahara mzuri kuliko wa labo. Baba yake alitaka aikubali, na sikumlaumu, nyumba yetu inavuja. Tuliongea siku tatu. Mwishoni baba alisema: "Paa litangoja." Nitarudisha deni la muso kwa faida ya meza yangu ya samaki na ndagala, kila juma, kama desturi yetu.

Kwa wengine wote ninaomba mambo machache. Mtoto akipata homa, usianze na dawa ya dukani. Dai apimwe kwanza, kwa GE au kwa kile kipimo kidogo cha tone la damu. Ukipewa dawa, imalize, hata homa ikiisha siku ya pili. Watoto walale ndani ya chandarua, kisiwe cha kufunikia miche. Na kama una binti anayependa hesabu na biolojia, usimwambie kwamba hayo ni masomo ya wanaume.

Kwa mama aliyeniuliza: asante. Sikukasirika. Siku ya mkutano nitakuletea binti mwenyewe, umwulize kuhusu hao mbu wake.

Mama mwenzenu wa Kadutu