Mashini Mpya kwa Diski za Zamani



Wazee wetu walisema: kipya kinyemi, ingawa kidonda. Methali hii yatufaa siku ile mashini ya DVD inapokufa nyumbani, na jamaa nzima inaulizana ni ipi inunuliwe badala yake. Watoto wataka ile inayong'aa, jirani aisifu ile aliyoiona kwa shemeji yake, na mwuzaji aisifu ile iliyokaa dukani siku nyingi. Baba na mama wasipofanya shauri pamoja, fedha itakwenda bure. Twataka kusema nanyi juu ya jambo hili, kwa maana tumelipitia wenyewe hapa Lubumbashi, na tumeona ya kuwa si jambo la chuma na nyaya tu.

Katika jamaa nyingi za kwetu, diski si sinema za kununua tu. Ndoa ikifungwa kanisani, mpiga picha huwapa maarusi diski yao. Padri mpya akisoma Misa yake ya kwanza kijijini, ukoo hupata diski. Hata matanga hupigwa picha. Sisi tunayo diski ya ndoa yetu ya mwaka 2013. Ndani yake baba mzazi, ambaye Mungu alimwita mwaka 2019, anasimama mbele ya wageni, ameegemea fimbo yake, na kutuusia kwa maneno machache. Sauti yake hatunayo mahali pengine. Wajukuu wake wadogo wamjua kwa diski hiyo tu. Basi mashini yetu ilipokataa kazi, swali letu la kwanza halikuwa: ipi ni nzuri kupita zote? Lilikuwa: ipi itatuonyesha babu tena?

Kabla ya kutoa fedha, tuliipeleka ile ya zamani kwa fundi, na kila mwenye busara afanye vivyo hivyo. Mara nyingi ugonjwa ni mdogo: vumbi limefunika kijicho cha kioo kinachopitisha mwanga, au mkanda wa mpira unaovuta kisahani cha diski umelegea. Hayo hutengenezwa kwa franga chache. Yetu fundi aliifungua, akaifuta, akaijaribu, kisha akatikisa kichwa. Taa yake ya laser ilikuwa imechoka, na bei ya kuibadili ilikaribia bei ya mashini nzima.

Ni vema kuelewa kazi ya taa hiyo, maana hapo ndipo penye siri ya kuchagua. Diski hizi zote zina upana wa sentimeta 12 na unene wa milimeta 1.2, hata asiyejua adhani ni kitu kimoja. Kumbe ndani yake mna alama ndogo mno, zimepangwa kwa mstari unaozunguka kutoka katikati hadi ukingoni, na mwanga wa laser ndio unaozisoma. VCD, iliyoanza mwaka 1993, husomwa kwa mwanga wa nanometa 780, nayo huchukua sinema ya saa moja na dakika chache. Ndiyo sababu sinema ndefu ilikuja kwa diski mbili. DVD, iliyoanza kuuzwa katika Japani mwaka 1996, ina alama ndogo zaidi. Yasomwa kwa mwanga mwekundu wa nanometa 650, na tabaka moja huchukua gigabaiti 4.7. Blu-ray, iliyotoka mwaka 2006, yasomwa kwa mwanga wa nanometa 405, nayo huchukua gigabaiti 25 katika tabaka moja. Kwa hiyo mashini ya DVD haiwezi kamwe kusoma Blu-ray. Mashini ya Blu-ray husoma DVD, kwa sababu waliozitengeneza walitia ndani taa zaidi ya moja; lakini si zote zinazokubali VCD.

Tukiwa na elimu hiyo kidogo, tulikwenda sokoni katika mtaa wa Kenya, tumechukua mfuko wenye diski tatu: ile ya ndoa, VCD moja ya zamani ya maigizo, na DVD ambayo rafiki alituletea kutoka Ubelgiji. Mwuzaji alikuwa kijana mwenye adabu. Akatutolea mashini ya Blu-ray iliyotumika Ulaya, nyeusi, nzito, inang'aa kama kiatu cha Dominika.

«Mwalimu,» akasema, «hii ndiyo ya wakubwa. Ukiiweka sebuleni, wageni watanyamaza.»

«Asante, kijana,» tukamjibu. «Tujaribu kwanza diski zetu.»

Akasita kidogo, maana wengi hununua kwa macho. Mashini ile ikacheza DVD ya Ubelgiji vizuri sana. VCD ikaitema. Diski ya ndoa ikaizungusha kwa muda mrefu, kisha ikaandika kwamba haiijui. Tukaomba ile ndogo iliyokaa chini ya meza, ambayo bei yake haikufika hata theluthi ya bei ya kwanza. Ikasoma VCD. Ikasoma diski ya ndoa. Ile ya Ubelgiji ndiyo iliyoikataa.

Mama wa watoto, aliyekuwa kimya hadi hapo, akasema: «Sinema ya Ubelgiji twaweza kuazima kwingine. Baba mkwe tutamwazima wapi?» Shauri likaisha.

Msistaajabu kwamba diski nzima isiyo na alama ya ukucha yaweza kukataliwa. Wenye sinema waliigawanya dunia katika zoni. Ubelgiji na Ufaransa zimo katika zoni ya 2, na Kongo yetu imo katika zoni ya 5. Mashini iliyofungwa kwa zoni moja haifungui DVD iliyotiwa alama ya zoni nyingine. Ziko mashini zilizofunguliwa kwa zoni zote. Mwenye ndugu Ulaya wanaomtumia diski aulize jambo hilo kabla ya kulipa. Diski zinazoandikwa na wapiga picha wetu kwa kawaida hazina kifungo hicho. Taabu yake ni nyingine, maana mwanga wake unaorudi ni hafifu, na mashini nyingine hushindwa kuusoma. Dawa ni moja: nenda sokoni na diski zako mwenyewe, wala usikubali kujaribiwa kwa diski ya mwuzaji.

Kisha geuza mashini usome maandishi ya nyuma. Umeme wetu ni wa volti 220. Iliyoandikwa 100-240 itakaa salama. Iliyotengenezwa kwa Marekani, ikiandikwa 120 tu, itaungua siku ya kwanza. Jamaa zinazotumia betri na sola zitafute yenye kukubali volti 12. Tazama pia matundu ya kuungia televisheni. Televisheni za zamani zataka nyaya tatu za rangi, ya manjano kwa picha, nyeupe na nyekundu kwa sauti. Televisheni nyingi mpya zataka waya mmoja wa HDMI. Yenye matundu ya namna zote mbili haitakusumbua siku utakapobadili televisheni. Na ikiwa na tundu la flashi, ni faida kubwa, kama tutakavyoeleza.

Wengine watatuambia: mbona mwahangaika na diski, nanyi mna simu? Twakubali kwamba siku za diski zinapungua. Hata ng'ambo, Netflix, iliyoanza kwa kupeleka DVD kwa posta katika Marekani mwaka 1998, ilipeleka za mwisho mwezi wa Septemba 2023. Na mwaka 2019 Samsung ilitangaza kwamba haitaleta tena mashini mpya za Blu-ray katika soko la Marekani. Lakini habari hizo zatuhimiza kufanya haraka. Diski iliyoandikwa na mpiga picha haikupigwa chapa kama ile ya kiwandani. Alama zake zimo katika rangi, na rangi hiyo huharibiwa na jua na joto. Basi ile iliyo na sauti ya mzee wenu msiiache juu ya kabati penye dirisha. Ishikeni ukingoni, ifuteni kutoka katikati kwenda nje, wala si kwa kuzungusha. Na sasa, maadamu mashini ya kuisoma ipo, mpeni fundi aihamishe katika flashi mbili: moja ikae kwenu, nyingine kwa ndugu. Sisi tumefanya hivyo. Twasema hayo kwa diski zilizo mali ya jamaa. Kuiga sinema ya mwingine na kuiuza ni kumnyima mfanyakazi ujira wake.

Kanisa halikudharau picha hizi. Papa Pius wa 11 aliandika barua juu ya sinema mwaka 1936, na Papa Pius wa 12 aliandika nyingine mwaka 1957, juu ya sinema, redio na televisheni. Mwaka 1958 televisheni ikawekwa chini ya ulinzi wa Mtakatifu Klara wa Assisi. Yasimuliwa kwamba usiku mmoja wa Noeli alikuwa mgonjwa kitandani, hakuweza kwenda kanisani pamoja na masista wenzake; naye akajaliwa kuona na kusikia ibada kana kwamba yumo. Picha ile ilimrudisha kati ya wenzake. Hapo wazazi wapate kipimo: mashini inayowakusanya jamaa ni njema, na inayomfungia kila mtu peke yake yafaa kuangaliwa sana. Simu hutazamwa na mmoja. Mbele ya televisheni baba yupo, mama yupo, na mtoto akiuliza neno hujibiwa.

Katika Injili Bwana wetu atuonyesha mwenye nyumba ambaye hazina yake ina vitu vipya na vya kale. Vya kale havitolewi bila chombo cha kuvitolea. Ninyi mnaokwenda sokoni wiki hii, fanyeni kwanza hesabu ya diski zilizomo nyumbani, hasa zile zisizouzwa dukani. Tieni tatu katika mfuko, mwende wawili, baba na mama. Na jioni mashini ikiwashwa, waiteni watoto wote, na bibi pia awekewe kiti karibu asikie vizuri. Mungu azibariki jamaa zenu.