Kung'aa na Kumulika

Kung'aa ni kitenzi kisichodai shamirisho. Nyota hung'aa, sufuria iliyosuguliwa kwa majivu hung'aa, na habari huishia hapo. Kumulika hudai kitu: unamulika njia, unamulika shimo, unamulika uso wa mtu. Kwa miaka 31 niliwafundisha wanafunzi wa sekondari tofauti ya vitenzi elekezi na visivyo elekezi kwa mifano ya kupika na kulala, ambayo kila mwalimu anayo. Ningekuwa bado darasani ningewapa huu wa taa. Nimeupata nikiwa mstaafu, nimesimama mbele ya kaunta ya duka la vipuri vya magari.

Wasomaji wa siku nyingi wanajua kwamba sehemu ya kiinua mgongo changu iliishia kwenye Land Rover kuukuu. Twaishi milimani Usambara, ng'ambo ya Lushoto kuelekea Mlalo, ambako barabara za vijijini ni za udongo mwekundu, zimechongwa ubavuni mwa mlima: upande huu ukuta wa ardhi, upande ule mteremko. Gari nililinunua kwa ajili ya kubebea mboga za shambani. Lakini kijijini gari halina mwenyewe mmoja. Simu ikilia usiku wa manane, mama watoto haulizi ni nani. Huanza kutafuta ufunguo na blanketi. Huwa ni mja mzito aliyeshikwa na uchungu, au mtoto mwenye degedege, na hospitali iko mbali. Safari hizo ndizo zilizonituma kutafuta taa za ziada, kwani taa za asili za gari lile hutoa mwanga wa rangi ya chai isiyo na maziwa.

Muuzaji alinitolea taa moja ndefu kupita mkono wangu, ya kufungwa juu ya paa. Kwenye kasha lake iliandikwa kwa herufi nene: lumeni 40,000. Alilisoma tarakimu hilo kwa sauti ya mtu anayetangaza mshindi. Sasa, lumeni ni kipimo cha mwanga wote utokao katika chanzo, popote uendako. Kwa lugha yetu, ni kipimo cha kung'aa. Tena mara nyingi kinachoandikwa ni jumla ya vijitaa vya ndani kwa hesabu ya kiwandani, kabla mwanga haujapungua kwa joto na kwa kupita katika kioo. Kipimo cha kumulika ni kingine, nacho ni luksi: lumeni moja iliyotua juu ya mita moja ya mraba. Mwezi mpevu ukiwa juu kabisa hautupi hata luksi moja; ni kama robo yake tu, na nani kati yetu hakuwahi kutembea kwa mbalamwezi? Watengenezaji waungwana huandika ni umbali gani taa yao bado inatupa luksi moja. Kasha lile halikusema neno juu ya hilo.

Mwanga nao una hesabu yake isiyo na huruma. Umbali ukizidi mara mbili, mwanga unaotua hupungua hadi robo. Anayetaka kuona mara mbili zaidi ya jana anahitaji ukali mara nne, au aukusanye mwanga alionao katika njia nyembamba. Ndiyo maana taa hizi ziko za namna mbili, ambazo madukani huziita kwa majina ya Kiingereza yaliyokatwakatwa. Mimi napendekeza tuseme taa ya mwale na taa ya mwangaza. Mwale ni mmoja, umenyooka, una mwelekeo; mwangaza umetanda. Maneno tunayo tangu zamani, na wauzaji wangeyatumia wanunuzi wangeelewa bila kuonyeshwa kwa mikono.

Taa ya mwale ni ya nyika na barabara ndefu iliyonyooka, ambako twiga au ng'ombe huonekana mapema. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa gari hula karibu mita 17 kila sekunde, na juu ya udongo mkavu dereva huhitaji kama mita 60 tangu aone kitu hadi gari lisimame. Kwetu, anayekwenda 60 usiku ana haraka ya kufika kaburini. Twaenda 30, na kwa mwendo huo mita 20 na ushei zinatosha kusimama kukiwa kukavu, zaidi kukiwa na tope. Ninachokihitaji ni kuona pembeni: kona inapoanzia, ukingo ulipomomoka, mtaro ulipo. Mwale mkali kwenye kona ya Usambara humulika migomba ya ng'ambo ya bonde, huku kona yenyewe imebaki gizani.

Halafu kuna neno kiwi. Simzungumzii ndege wala dawa ya viatu. Nasema kiwi cha macho, ule upofu wa kitambo umpatao aliyemulikwa usoni. Vijana wengi siku hizi hawalijui, ingawa hali yenyewe wanaijua kila wapishanapo na bodaboda. Jicho lililozoea giza hupoteza mazoea hayo kwa kitambo kidogo tu cha mwanga mkali, na kuyarudisha kikamilifu huchukua hata nusu saa. Barabara yetu kabla ya alfajiri imejaa kina mama wenye matenga ya kabichi na karoti kichwani, wakiwahi malori. Mwenye tenga kichwani hawezi kuinama wala kugeuza shingo ghafla. Mwaka juzi shangazi yake mama watoto alipishana na gari lenye taa za paani. Alitoka kando kulipisha, kando ikawa ni mteremko. Alivunjika mguu, na mpaka leo hutembea kwa mkongojo. Dereva hakusimama. Nadhani hata hakumwona akianguka, maana alikwisha kumpita.

Kwa hiyo muuzaji aliponieleza kwamba taa ya paani "inafukuza giza lote", nilikuwa na swali moja tu: inalifukuzia wapi?

Nilimpelekea suala hili fundi umeme wa magari, ambaye nilimfundisha Kiswahili kidato cha pili na ambaye insha zake zilikuwa fupi kama risiti. Baada ya shikamoo na marahaba alinisikiliza, kisha akasema, "Mwalimu, bila taa za juu gari halitaonekana la porini."

"Porini ndiko ninakokaa," nikamwambia.

Alicheka, akaniunga mkono kwa sababu zake za kifundi, nazo zilikuwa bora kuliko zangu. Taa ya paani humulika boneti kwanza, na boneti likawa kioo cha kumrudishia dereva mwanga machoni. Kwenye ukungu, ambao kwetu hushuka tangu jioni msimu wa baridi, mwanga utokao juu hupita karibu na macho ya dereva, ukagonga matone ya maji na kumrudia. Akaona ukuta mweupe. Vumbi la gari lililotangulia hufanya vivyo hivyo. Tena taa ya juu huua vivuli. Barabara huonekana tambarare kama meza. Taa ikiwa chini, jiwe la ukubwa wa ngumi hutupa kivuli kirefu nyuma yake, na shimo huonyesha mdomo wake mweusi mapema.

Nikamwuliza kuhusu rangi ya njano, kwani wengi huamini kwamba njano hupenya ukungu. Wafaransa walilazimisha taa za mbele za njano kwa miongo mingi, hadi 1993. Ila matone ya ukungu ni makubwa mno yakilinganishwa na mawimbi ya mwanga, hata hutawanya rangi zote karibu sawasawa. Kinachosaidia ni taa kukaa chini na mwanga wake kukatwa juu, usipande. Wapo wasemao njano haiwachoshi macho, nami siwabishii.

Nikiwa namngoja amalize gari la mtu mwingine, niliandika ubeti huu nyuma ya karatasi ya bei. Haukukusudiwa diwani yoyote:

Taa ya juu paani, kwa wengi imesifika,
Nuru humwaga hewani, na njia ikafichika,
Hutia kiwi machoni, mpita hupepesuka,
Taa niitakiani, njiani isipofika?

Fundi aliusoma, akasema kituo ni kizuri, kisha akauliza kama nitalipa nusu sasa.

Tulichagua taa mbili za mwangaza, za LED, wati 20 kila moja, zenye alama ya IP67: 6 maana yake vumbi haliingii, 7 maana yake hustahimili kuzama mita 1 kwa dakika 30. Zimefungwa chini ya bampa, sentimita 60 kutoka ardhini. Taa za mwale sikununua, wala sizikosi. Fundi alizipitishia umeme kwenye rilei, ili mzigo wa umeme utoke betri kwenda taa kwa waya mnene wenye fyuzi, na swichi ya ndani ibaki na kazi ndogo ya kuamrisha. Katika gari la umri ule, waya mwembamba uliobebeshwa mzigo hupata moto, na moto hauchagui abiria.

Kazi iliyonivutia ilikuwa ya mwisho, ya kulenga. Tulilisimamisha gari mita 10 kutoka ukuta wa shule ya msingi, usiku, fundi akachora kwa chaki mstari wa kimo cha taa, na mwingine sentimita 20 chini yake. Ukingo wa juu wa mwanga ulitakiwa kugusa mstari wa chini. Ukishuka sentimita 2 kila mita, mwanga utokao kimo cha 60 hutua ardhini mita 30 mbele, chini kabisa ya macho ya mwenye tenga. Lakini gari lilikuwa tupu. Likibeba mgonjwa, mama yake na majirani wawili wasiokubali kubaki, nyuma hukaa chini, pua hunyanyuka, na taa nazo hunyanyuka. Basi tukaazima magunia matatu ya viazi kwa jirani wa shule, tukayapakia nyuma, tukalenga upya. Mwenye viazi alisimama nasi muda wote akihesabu magunia yake, na tulipomaliza aliomba apelekwe nayo hadi sokoni, kwa kuwa yalikwisha kupakiwa.