Down si "chini": Neno nililoitafsiria familia yangu vibaya

Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne, na dada aliitoa kwenye pindo la kanga kama mtu anayetoa pesa ya akiba. Wakati huo nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, nimerudi nyumbani Lushoto kwa likizo. Mtoto wake wa kwanza alikuwa na wiki sita. Hospitalini walimweleza mambo mengi kwa haraka, akashika machache. Kwenye karatasi kulikuwa na maneno mawili ya Kiingereza yaliyopigiwa mstari: Down syndrome.

"Wewe ndiye msomi wetu," baba aliniambia. "Hebu tusomee, wanasemaje?"

Sebuleni walikuwapo baba, mama, bibi, dada na shemeji. Nilisoma mara moja, nikarudia. Neno la pili sikulijua. La kwanza nililijua tangu shule ya msingi.

"Down ni chini," nikasema. "Nadhani wanamaanisha akili yake iko chini."

Hakuna aliyeuliza swali lingine. Shemeji alinyanyuka akatoka nje. Dada alimfunika mtoto uso kwa kanga, ingawa hapakuwa na jua wala baridi.

Likizo ilipoisha nilirudi chuoni. Tafsiri yangu ikabaki nyumbani, na ilikaa miaka minne.

Watoto wa jirani waliisikia wakaigeuza jina. "Chini yuko wapi?" "Chini, njoo tucheze!" Watu wazima, hata wale wenye nia njema, walisema "yule mtoto wa chini". Dada alipunguza kumpeleka kliniki, kisha akaacha kabisa. Nilipomuuliza kwa simu alinijibu kwa sauti ya kuchoka, "Mdogo wangu, si ulisema mwenyewe? Wamwinue wampeleke wapi?"

Nilipoanza kazi ya uandishi wa habari za afya, mhariri alinipa makala ya kuandika kwa ajili ya Machi 21, Siku ya Kimataifa ya Sindromu ya Down, ambayo Umoja wa Mataifa unaiadhimisha tangu mwaka 2012. Nilikaa mbele ya kompyuta kujisomea. Katika ukurasa wa kwanza kabisa nikakutana na jambo lililonifanya nisimame na kwenda kunywa maji.

Down si neno la kumweleza mtoto. Ni jina la ukoo, la mtu aliyeitwa John Langdon Down.

Alizaliwa mwaka 1828 katika mji mdogo wa Torpoint, jimbo la Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza. Alisomea udaktari London, na mwaka 1858 akapewa kusimamia Earlswood, kituo kikubwa cha watu wenye ulemavu wa akili kilichokuwa Surrey. Wakati ule watu wa aina hiyo walifungiwa na kusahauliwa. Yeye alikataza wasipigwe, akahimiza usafi na chakula bora, na akataka wafundishwe kazi za mikono. Mwaka 1866 aliandika makala fupi akieleza kundi la watu waliofanana kwa sura na kwa ukuaji, hata kama hawakuwa ndugu. Ni kwa sababu ya makala hiyo jina lake likabaki kwenye vyeti vya watoto wetu.

Ndani ya makala hiyo kulikuwa na kosa kubwa. Alidhani sura zao zinafanana na za watu wa Mongolia, akawaita hivyo, na dunia ikafuata kwa karibu miaka mia moja. Mwaka 1961 wataalamu 19 waliandika barua kwenye jarida la tiba la Lancet wakitaka jina hilo liachwe, kwa kuwa halina ukweli na linawadhalilisha watu. Miongoni mwao alikuwamo mjukuu wa daktari huyo. Walipendekeza majina kadhaa, na mhariri wa jarida akachagua lile lenye jina la Down. Mwaka 1965, baada ya serikali ya Mongolia kulalamika, Shirika la Afya Duniani nalo likaacha jina la zamani.

Kwa hiyo jina nililolitafsiri kuwa tusi lilichaguliwa ili kuondoa tusi.

Bado nilitaka kujua jina lenyewe lina maana gani. Sisi tunajua kwamba jina halikosi asili. Huyu kaitwa Masika kwa kuwa alizaliwa wakati wa mvua, yule kapewa la babu yake. Waingereza nao wako hivyo. Katika karne zilizofuata mwaka 1066, Wanormani walipoiteka nchi yao, majina ya pili yalianza kushika na kurithiwa. Mengine yalitokana na kazi, kama Smith, ambaye ni mhunzi. Mengine yalitokana na baba, kama Johnson, mtoto wa John. Na mengine yalitokana na mahali mtu alipoishi. Kijiji kikiwa na akina John watatu, mmoja anakuwa John wa msituni, mwingine John wa mtoni.

Down ni la kundi hili la mwisho. Linatokana na neno la Kiingereza cha kale, dūn. Maana yake ni kilima.

Nilisoma sentensi hiyo mara tatu. Mtu wa ukoo wa Down ni mtu wa kilimani. Hadi leo kusini mwa Uingereza kuna safu za vilima vya majani zinazoitwa North Downs na South Downs. Mgeni anayejua Kiingereza cha darasani atadhani ni mabonde, kumbe ni sehemu za kupanda. Neno hilohilo limejificha mwishoni mwa majina ya miji mingi. Swindon, kwa mfano, ni kilima cha nguruwe. Hata Langdon, jina jingine la daktari wetu, ni kilima kirefu. Yaani yule bwana alikuwa na kilima juu ya kilima.

Basi imekuwaje neno hilo leo limaanishe chini? Zamani, Mwingereza aliyekuwa akiteremka alisema anakwenda "of dūne", yaani anatoka kilimani. Kwa kusemwasemwa, maneno mawili yakawa moja, likafupika hadi likabaki down. Kilima kikasahaulika, kuteremka kukabaki. Lakini jina la ukoo halikufuata mabadiliko hayo. Lenyewe lilibaki na maana yake ya zamani, palepale juu.

Ukoo huu ulishika zaidi mkoa wa Devon, ambao mto Tamar tu unautenganisha na Torpoint alikozaliwa daktari. Devon ina vijiji vyenye jina hilo: East Down, West Down na Down St Mary. Hata sasa akina Down wako wengi zaidi katika pembe hiyo ya kusini-magharibi kuliko kwingine Uingereza. Wengine walihama na meli kwenda Australia, Canada, New Zealand na Marekani, na vizazi vyao wako huko. Wapo pia akina Downs na Downes, ambao wengi wao jina lao lina mzizi huohuo. Jimbo la Down lililoko Ireland lisikuchanganye, maana hilo limetoka kwenye neno la Kiayalandi lenye maana ya ngome.

Waingereza huandika Down's syndrome, kwa namna ya kumilikisha. Wamarekani waliondoa hiyo alama na herufi, kwa hoja kwamba daktari hakuwa na hali hiyo wala haikuwa mali yake. Ni kweli hakuwa nayo. Lakini mwaka 1905, miaka tisa baada ya kufa kwake, mwanawe Reginald, ambaye naye alikuwa daktari, alipata mtoto wa kiume. Mtoto alizaliwa na hali ileile iliyokuja kubeba jina la babu yake. Wakamwita John, jina la babu, na aliishi hadi mwaka 1970.

Nikamfikiria mtoto wetu. Yeye tulimwita Chini.

Jioni ile nilimpigia dada. Nilianza kwa kumwomba radhi kabla hajajua kwa nini. Nikamweleza kuhusu daktari, ukoo na kilima. Alikaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika.

"Kwa hiyo hawakusema yuko chini?"

"Hawakusema, dada. Niliyesema ni mimi."

Kisha nikamweleza yale ambayo ningepaswa kumweleza sebuleni siku ile. Sindromu ni dalili kadhaa zinazokuja pamoja. Kwa kawaida kila chembe hai ya mwili ina kromosomu 46, jozi 23, na ndizo zinazobeba urithi wetu. Mwenye sindromu ya Down ana kromosomu namba 21 ya ziada, tatu badala ya mbili. Ndiyo maana siku yake ni tarehe 21 ya mwezi wa tatu. Jambo hilo lilitangazwa mwaka 1959 na watafiti wa Ufaransa, Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin. Halitokani na laana, wala chakula, wala kosa la mama au baba. Hutokea kwa takriban mtoto mmoja katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa duniani. Uwezekano huongezeka umri wa mama unapoongezeka, ila hata mama kijana anaweza kupata, kama dada alivyopata.

Nikamwambia na lililokuwa muhimu kuliko yote. Karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na tatizo la moyo, na linapaswa kuangaliwa mapema. Macho, masikio na tezi ya shingo navyo vinahitaji kupimwa mara kwa mara. Mtoto alikuwa na miaka minne, na tangu aache kliniki hakuna aliyempima.

Wiki mbili baadaye tulikuwa kwenye benchi la hospitali, dada, mtoto na mimi. Moyo ulikuwa salama, nikashusha pumzi. Masikio hayakuwa salama. Kulikuwa na majimaji nyuma ya ngoma ya sikio, pande zote mbili, tatizo linalowapata sana watoto wenye hali hii. Daktari alieleza kwa Kiswahili, taratibu, kwamba mtoto amekuwa akisikia kama mtu aliyezamisha kichwa majini.

Dada alinitazama, nami sikuweza kumtazama. Kwa miaka hiyo tulipomwita asigeuke, tulisema ndiyo hivyo, yuko chini. Kumbe alikuwa hasikii vizuri.

Alitibiwa. Maneno yalianza kuja moja moja, "maji", "mama", "bibi". Mimi ananiita "mdogo", ameacha "mama" njiani, na sijawahi kumsahihisha. Bado anajifunza polepole kuliko wenzake na ataendelea hivyo, siwezi kusema uongo. Lakini sasa yuko shuleni, anavaa sare mwenyewe, na kila asubuhi anadai abebe ndoo ndogo kwenda kumwagilia kabichi za babu yake.

Siku niliyoieleza familia nzima habari hizi ilikuwa sebule ileile. Baba alisikiliza huku amekunja mikono. Shemeji aliinamisha kichwa muda mrefu, kisha akampakata mwanawe. Bibi, ambaye hakusoma hata darasa moja, ndiye aliyeuliza.

"Huyo daktari ukoo wao ni watu wa mlimani?"

"Ndiyo, bibi. Ndiyo maana ya jina lao."

"Kama sisi huku?"

"Vilima vyao vidogo, lakini ndiyo."

Akacheka kidogo, halafu akaacha. "Basi tumemkosea mtoto. Waambieni wale watoto huko nje, ana jina lake."

Dada alitoka mwenyewe kwenda kuwaambia.

Mzazi unayesoma haya kwenye simu, huenda na wewe una karatasi kama ile, iwe ya mtoto wako au ya ndugu. Majina mengi ya magonjwa na hali za mwili ni majina ya watu tu. Parkinson alikuwa daktari wa London, na Burkitt, ambaye jina lake limebaki kwenye saratani inayovimbisha taya za watoto wetu, alikuwa daktari wa upasuaji nchini Uganda. Jina halikwambii mtoto ataishije. Usilitafsiri, na usimpe mwanafunzi wa mwaka wa pili akutafsirie. Kabla hujatoka chumba cha daktari muulize mambo matatu kwa Kiswahili. Hali hii ni nini? Tupime nini sasa? Turudi lini? Asipoeleweka, mwambie arudie. Akiwa na haraka, muulize muuguzi.

Ile karatasi dada ameitunza hadi leo. Juu ya yale maneno mawili yaliyopigiwa mstari ameandika kwa kalamu ya bluu jina la mwanawe, majina yote matatu.